Noti ni sahihi, raga hakuna

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nasoma mwaka wa pili hapa Chennai, India ya kusini. Kwetu Tanga nilipiga fidla kwenye kikundi cha taarab tangu nina miaka kumi na tatu. Desemba iliyopita mwenzangu wa bwenini alinizungusha kwenye maonyesho ya muziki wao wa Karnatiki. Siku tano, waimbaji watano, na wote wanaimba nyimbo za watu walewale watatu waliokufa zamani. Tyagaraja ndiyo usiseme, wanamtaja kama walii. Nikapakua noti za wimbo wake mmoja kwenye intaneti, nikazipiga zote bila kuruka hata moja. Mwalimu mmoja jirani alisikia, akacheka, akaniambia: noti ni sahihi, raga hakuna. Halafu nikisikiliza waimbaji wawili kwa wimbo uleule, hawafanani! Sasa nauliza: hawa watu kweli walitunga nyimbo hizo au ni hadithi tu? Nakala ya kweli ni ipi? Nianze na nani? Mimi ni Muislamu, na nyimbo zenyewe ni za miungu yao, inakuwaje? Na nikijaribu kuteleza vidole kama wanavyoteleza wao, mkono wa kushoto unakufa ganzi."

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuchek­wa, lakini huyo mwalimu amekupa somo la kwanza bila kukutoza ada. Mimi nilipofika Chennai na fidla yangu niliambiwa jambo hilohilo kwa maneno makali zaidi, na nikakaa wiki nzima nimeifungia kwenye sanduku lake. Umeuliza mengi, ila naona moja ndilo lililozaa mengine: kama kila noti iliyoandikwa umeipiga, wimbo na raga yake, yaani ule mwendo wa sauti unaoubeba, vimepotelea wapi?

Kwanza tuondoe kitu kimoja njiani. Sisi watu wa pwani tukisema "muziki wa Kihindi" tunafikiria sinema. Tumekua nazo, na wasanii wa taarab wa Mombasa wamezichukua tuni za sinema hizo wakazivika mashairi ya Kiswahili mpaka watoto wakadhani ni zetu tangu asili. Lakini huo ni muziki wa studio za Bombay, na ukiuchimba chini utakuta zaidi muziki wa kaskazini. Hata Wahindi wengi tuliokua nao mitaani asili yao ni Gujarat, Kutch, Punjab au Goa. Karnatiki ni wa kusini, wa Tamil Nadu, Andhra, Telangana, Karnataka na Kerala, na una sheria zake. Kwa hiyo sikio lako la sinema liweke pembeni. Sikio lako la makamu, zile ngazi za noti za taarab kama Rasti, lile linalojua kwamba noti ya tatu ya Rasti haipo kwenye kinanda, hilo usilitupe. Tutalihitaji hivi punde.

Hao watu watatu walikuwepo, na si hadithi. Syama Sastri alizaliwa 1762, Tyagaraja 1767, Muthuswami Dikshitar 1775 au 1776, na wote watatu walizaliwa mji mmoja, Tiruvarur, katika nchi ya mpunga inayonyweshwa na mto Kaveri. Watu huwaita Utatu, na ukilisikia jina hilo unaweza kudhani walikuwa kikundi, wanakaa baraza moja wakipanga nyimbo. Hapana. Jina limekuja baadaye. Kila mmoja alikuwa na njia yake, mlezi wake wa kiroho, na hata lugha yake: Tyagaraja na Syama Sastri walitunga zaidi kwa Kitelugu, Dikshitar kwa Kisanskriti. Utauliza, mbona hakuna Kitamil wakati hapo ni kwa Watamil? Ni mambo ya watawala. Thanjavur, ufalme wa eneo hilo, ilikuwa chini ya Wanayaka waliosema Kitelugu, kisha ikaja kuwa ya Wamaratha, na Kitelugu kilibaki lugha ya wimbo wa heshima kama vile Kiarabu kilivyobaki lugha ya kaswida kwetu. Jambo hilo liliwakera Watamil wengi, na miaka ya 1940 palizuka vuguvugu kubwa la kudai nyimbo za Kitamil majukwaani. Ukimsikia mwenzako wa bwenini akinung'unika kuhusu hilo, ujue ni mjadala wa mababu.

Sasa hiyo "nakala ya kweli". Hapa ndipo wengi tuliosoma muziki kwa karatasi tunapojikwaa. Tunadhani mtunzi ni mtu aliyekaa mezani akaandika noti, na karatasi yake ipo kabatini mahali fulani, kwa hiyo ubishi ukizuka unakwenda kuifungua. Tyagaraja hakufanya hivyo. Aliishi Tiruvaiyaru, kando ya Kaveri, akiimba na kufundisha nyumbani kwake. Wanafunzi waliyaandika maneno na mengine mengi, na baadhi ya maandiko ya wale waliotoka Walajapet yamehifadhiwa Madurai hadi leo. Lakini sauti yenyewe aliiweka kooni mwao. Walikuwa makundi makundi: watu wa Walajapet, watu wa Umayalpuram, watu wa Tillaisthanam. Kila kundi likafundisha lake, na hao nao wakafundisha wao. Ndiyo maana wale waimbaji wako wawili hawafanani. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja anakuimbia alivyopokea. Wao wana neno la mapokezi hayo, pathantara, na mwimbaji hulitaja kwa heshima ileile ambayo mtu wetu hutaja ijaza yake na sheikh aliyempa. Wewe mwenyewe unajua kaswida moja inavyosomwa Lamu na inavyosomwa Unguja.

Idadi nayo imetiwa chumvi. Utaambiwa Tyagaraja alitunga nyimbo 24,000. Zilizobaki mikononi mwa watu ni kama 700, na hata hizo 700 ni hazina isiyo ndogo kwa mtu mmoja. Mtajuaje kwamba ni zake? Kwa alama. Mtunzi wa kusini hulitia jina lake ndani ya ubeti wa mwisho, kama watunzi wetu wa tenzi wanavyojitaja wanapofunga. Tyagaraja huweka "Tyagaraja", Dikshitar huweka "Guruguha", Syama Sastri huweka "Syama Krishna". Bila shaka alama inaweza kuigwa, na zipo nyimbo zenye jina la Tyagaraja ambazo wataalamu wanazitilia shaka. Hilo lisikukoseshe usingizi. Zile utakazofundishwa miaka yako kumi ya kwanza hazina ubishi.

Turudi kwenye fidla yako na kicheko cha yule mwalimu.

Raga si orodha ya noti. Chukua raga mbili, Arabhi na Devagandhari. Ukiziandika kwenye karatasi zinapanda kwa noti tano zilezile na kushuka kwa noti saba zilezile. Mtu wa karatasi atasema ni kitu kimoja. Tyagaraja ametunga kwenye zote mbili: "Sadhinchane" iko Arabhi, "Kshirasagara sayana" iko Devagandhari. Zisikilize leo usiku, moja baada ya nyingine. Ya kwanza inatembea haraka, noti zake zimenyooka, kama mtu anayekwenda sokoni na anajua anachotaka. Ya pili inavuta, inayumba, kila noti inakaribiwa kwa kuzungukwa. Hata mtoto wa Chennai hawezi kuzichanganya. Tofauti iko kwenye njia ya kuifikia noti, kasi, mahali pa kupumzika, na mtikisiko wanaouita gamaka.

Gamaka si pambo unalolitia baada ya wimbo kuiva, kama kitunguu cha kukaanga juu ya biriani. Ni nyama yenyewe. Sikiliza raga ya Todi, noti yao ya tatu, ga. Ukiisaka kwa kidole huipati imesimama popote, kwa sababu haisimami: inapepea kati ya jirani yake wa chini na jirani yake wa juu, na kule kupepea ndiko kunakoitwa ga ya Todi. Wewe uliona "ga" kwenye karatasi, ukaweka kidole, ukabonyeza, ukasubiri. Kwao umetamka herufi bila irabu. Mwandishi wa zile noti hakukudanganya, aliandika ukumbusho kwa mtu ambaye wimbo anaujua tayari. Linganisha na muziki wetu: mzee wa taarab akikuandikia bashrafu kwenye daftari, haandiki namna ya kuilaza ile noti ya katikati ya Rasti. Anajua umemsikia akiipiga mara mia.

Na kuna kitu kingine ambacho Tyagaraja anasifiwa kukikuza, kinaitwa sangati. Wimbo wao mkubwa, kriti, una sehemu tatu: pallavi ambayo ni kama kiitikio, anupallavi, kisha charanam. Utakapokwenda tena kwenye maonyesho, hesabu kwa vidole. Mwimbaji ataimba mstari wa pallavi mara moja, mtupu. Ataurudia na kona moja mpya. Mara ya tatu kona imekuwa mbili. Ikifika ya sita au ya saba, mstari uleule wa maneno matano umejaa njia na vichochoro, na bado ni uleule. Ndiyo maana watu hawachoki na nyimbo za miaka 200. Kila wimbo wake ni ramani ya raga: ukiujua vizuri mmoja, unaweza kutembea mwenyewe ndani ya raga hiyo bila kupotea, na mwimbaji akianza kubuni pale pale jukwaani, anabuni kwa vipande alivyovipata kwenye nyimbo za watunzi hawa. Ulishangaa kwa nini watano wote waliimba watu walewale watatu. Ni kwa sababu hiyo. Wanaimba nyimbo, na papo hapo wanasoma sarufi.

Dikshitar utampenda kwa sababu nyingine. Familia yake ilihamia Manali, karibu na Madras, ndiyo Chennai ya leo, na huko walisikia bendi za Waingereza wa Fort St. George, ngome yao. Mdogo wake, Baluswami, akajifunza fidla kwa Mzungu, na yeye ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuiingiza katika muziki wa Karnatiki. Chombo hicho ulichokibeba kutoka Tanga, basi, kiliingia huko kupitia nyumba ya mmoja wa watunzi unaoniuliza habari zao. Muda si mrefu kikakubalika hata ikuluni: mwanafunzi wa Dikshitar aitwaye Vadivelu alipiga fidla mbele ya mfalme wa Travancore, Swati Tirunal, naye mfalme, aliyekuwa mtunzi pia, akamtunuku fidla ya pembe za ndovu mwaka 1834.

Dikshitar mwenyewe alisikia zile tuni za bendi akazitungia maneno ya Kisanskriti, nyimbo fupi kama 40 hivi. Moja, "Santatam pahimam", ni tuni ya wimbo wa taifa wa Uingereza, ila mahali pa mfalme amewekwa mungu wa kike wa muziki! Mtu huyohuyo aliishi miaka kadhaa Varanasi, akaleta kusini harufu ya muziki wa kaskazini, na nyimbo zake kubwa zinakwenda polepole mno, nzito, kama tembo anayevuka mto. Watu husema zimetungwa kwa ajili ya vina, ala yao ya nyuzi, na ukizisikia utaamini. Alikufa 1835 Ettayapuram. Hukohuko, mwaka 1904, Subbarama Dikshitar wa ukoo huo alichapisha kitabu kikubwa chenye nyimbo hizo kwa noti, na humo alibuni alama za kuonyesha gamaka. Hiyo ndiyo nakala ya maandishi iliyo karibu zaidi na unayoitafuta. Nenda kaiangalie. Halafu utashangaa kwamba waimbaji wa leo wanaotoka mstari wa Dikshitar nao hawaifuati kila mahali.

Syama Sastri nitampita haraka, si kwa kumdharau. Alikuwa kuhani wa hekalu la Kamakshi, mungu wa kike, huko Thanjavur, nyimbo zake ni chache kuliko za wenzake, na karibu zote ni mtoto anamlilia mama. Ugumu wake uko kwenye mapigo. Anapenda mzunguko wa saba, tatu na nne, halafu anaugeuza uwe nne na tatu wakati wewe bado unahesabu vidole. Muache mpaka mwaka wa tatu.

Na kwa kuwa umeuliza habari za hadithi, kuna miujiza. Utasikia kwamba kaka yake Tyagaraja alizitupa mtoni sanamu alizokuwa akiziabudu, na mto ukamrudishia. Utasikia kwamba Dikshitar aliimba raga fulani mvua ikanyesha kwenye nchi iliyokauka. Mimi huzipokea habari hizi kama ninavyopokea karama za mashekhe wetu: zimesimuliwa na waliowapenda, baada ya wao kuondoka, na zinatuambia zaidi waliwaonaje kuliko nini kilitokea. Kisa mashuhuri zaidi ni kwamba mfalme wa Thanjavur alimwita Tyagaraja ikuluni na zawadi nyingi, akakataa, na jibu lake likawa wimbo "Nidhi chala sukhama" katika raga ya Kalyani. Kuitwa kwenyewe kumekuja kwa masimulizi. Lakini wimbo upo, na maneno yake hayahitaji shahidi. Anauliza: raha ni mali, au ni kumtumikia Rama, mungu wake, mbele yake? Kitamu ni mtindi, siagi na maziwa, au ni kumdhukuru? Na mwisho, pale anapotia jina lake: raha ni kumsifu binadamu, au kumwimba yule anayesifiwa na Tyagaraja? Mtu aliyekuwa akipita mitaani akiimba ili apate mchele wa siku hiyo anaweza kuuliza hivyo, na sisi wenye taarab za kualikwa harusini tukainamisha macho kidogo.

Kama unataka hadithi ambayo ushahidi wake ni wa mawe, panda treni uende Tiruvaiyaru. Tyagaraja alikufa 1847, na kufika mwanzo wa karne iliyofuata kaburi lake lilikuwa limeachwa. Waimbaji walikuwa wakikutana pale kila mwaka kumkumbuka, wamegawanyika makundi yanayogombana, na wote wamekubaliana kitu kimoja tu: wanawake wasiimbe. Bangalore Nagarathnamma alikuwa mwimbaji maarufu wa jamii ya devadasi, wanawake wa nyimbo na ngoma za mahekalu, ambao wakati huo walikuwa wakisemwa vibaya kila kona. Alitumia mali yake kununua ardhi na kujenga hekalu dogo juu ya kaburi hilo katika miaka ya 1920. Kisha, alipokatazwa kuimba mbele, akaanzisha mkusanyiko wa wanawake nyuma. Haikwisha mpaka milango ikafunguka. Alikufa 1952, na kaburi lake liko palepale, linamtazama Tyagaraja. Leo kila mwaka, kwa kawaida Januari, mamia ya waimbaji hukaa mchangani kando ya mto, wanawake kwa wanaume, wakaimba kwa pamoja nyimbo zake tano zinazoitwa Pancharatna. Utatu walikuwa wanaume Mabrahmini, tabaka la makuhani, na ndio wenye picha ukutani. Waliobeba nyimbo mpaka zikatufikia ni wengi zaidi, na miongoni mwao wako wanawake wa aina ya Nagarathnamma na wapiga zumari wa mahekaluni ambao picha zao huzioni ukutani.

Kuhusu dini yako. Sitajifanya mufti, na ukitaka hukumu kamuulize sheikh unayemwamini. Chennai ina misikiti na wanazuoni wake, tena wanaojua mazingira hayo kuliko mimi. Ninachoweza kukupa ni habari. Nadaswaramu, ile zumari ndefu inayopigwa mahekaluni, mmoja wa mabingwa wake wakubwa wa karne ya 20 alikuwa Muislamu, Sheik Chinna Moulana wa Srirangam, na nyimbo za Tyagaraja alizipiga maisha yake yote. K. J. Yesudas ni Mkristo wa Kerala na ameimba Karnatiki miaka na miaka. Na kile kitabu cha 1904 kisingetoka bila msukumo wa Chinnaswami Mudaliar, Mkatoliki aliyeteketeza mali yake kuzichapa nyimbo hizi zisipotee. Lakini sitakuficha: nyimbo hizi ni ibada. Asikwambie mtu kwamba ni "muziki tu", kwa sababu walizitunga wakiomba. Na wewe kwa kuwa ni mpiga fidla utadhani umesalimika, huimbi maneno. Hujasalimika, maana mpiga fidla wa Karnatiki anatakiwa ajue maneno, upinde wake unageuka pale silabi inapogeuka. Kuna wanaojifunza varnam, zile tungo za kujifunzia, na mazoezi kwa miaka wakaishia hapo kwa moyo mtulivu, na kuna waliokwenda mpaka mwisho. Pima mwenyewe.

Nianze na nani, umeuliza. Si na mmoja wa hao watatu. Anza na Purandara Dasa, aliyekufa 1564. Aliimba kwa Kikannada, na inasemwa alikuwa tajiri wa kukopesha watu kabla ya kugawa kila kitu akashika tamburi. Mazoezi ya mwanzo yanayopigwa na kila mtoto wa kusini, katika raga ya Mayamalavagowla, yanahesabiwa kuwa ni yake, na ndiyo sababu wanamwita baba wa muziki huu. Mazoezi hayo yanachosha kweli. Utayapiga kwa kasi tatu, asubuhi, mwezi baada ya mwezi, ukijiona umerudi chekechea. Yapige. Ukitaka cha kujiliwaza katikati, chukua zile nyimbo fupi za Dikshitar za tuni za bendi: hizo noti zake zimenyooka, karibu hazina gamaka, na karatasi yako ya intaneti kwa mara moja itakutosha. Tyagaraja wa kriti msubiri. Na mwalimu humkwepi, mwanangu. Video zitakuonyesha kidole kilikokwenda, ila hazitakwambia kwamba chako kimechelewa. Huyo jirani aliyekucheka, mimi ningeanza kwa kumgongea yeye. Aliyeweza kusikia kwamba raga haipo akiwa nje ya dirisha ana masikio.

Nimeacha mkono kwa makusudi, nao ndio wa haraka. Wewe unapiga umesimama au kwenye kiti, fidla iko chini ya kidevu, na kiganja cha kushoto kinaisaidia kuibeba. Kwa taarab inatosha. Ukitaka kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine kwa mtindo wao ukiwa umeshika hivyo, kidole gumba kinabana shingo ya fidla, kifundo kinajikunja, ganzi inakuja. Wao wanakaa chini. Kichwa cha fidla kinapumzika juu ya kifundo cha mguu wa kulia, upande wa pili umeegemea kifuani karibu na bega la kushoto, kwa hiyo mkono wa kushoto haubebi kitu, unakimbia tu. Wengine hupaka tone la mafuta ya nazi vidoleni. Simamisha mazoezi ya kuteleza mpaka mtu akukalishe sawasawa. Na ganzi ikibaki hata siku usizopiga, au vidole vikipoteza nguvu ukishika kikombe, nenda zahanati ya chuo wiki hii, mshipa ukibanwa haungoji mtihani uishe.

Nyuzi zenyewe huenda huna haja ya kuzihangaikia. Wao wanakaza sa, pa, sa, pa, noti ya msingi na ya tano yake, mara mbili. Kama mzee wako wa Tanga alikufundisha kukaza kwa Kiarabu, G D G D, basi tayari umekaza Karnatiki bila kujua: sa yako ni G. Kama fidla yako iko kwa Kizungu, zile mbili za chini ziache, mbili za juu zishushe sauti moja moja. Kaa chini, weka mguu, piga sa ya nyuzi wazi, halafu mwite jirani.